Mkanda wa AC ukinguruma: tafuta beringi kabla ya kununua kompresa

Gari langu ni Corolla AE100, ile ambayo Uganda nzima inaiita Kikumi. Lilianza kunguruma upande wa mikanda. Asubuhi ilikuwa sauti ndogo, kama kinu cha kusaga mahindi kinachosikika kutoka kijiji cha pili. Mchana, kwenye joto la Pakwach nikielekea Arua, sauti ilipanda mpaka abiria wa nyuma akaniuliza kama kweli tutafika. Gereji moja ilisikiliza kwa dakika tano ikasema kompresa ya AC, yaani pampu inayosukuma gesi ya baridi, imekufa. Nikanunua kompresa ya mtumba, mabomba yakafunguliwa, gesi ikajazwa upya. Nikawasha injini: mngurumo uleule. Kumbe iliyokufa ni beringi, zile ringi mbili zenye gololi katikati, iliyomo ndani ya puli ndogo ya kukazia mkanda, kitu kinachoenea kwenye kiganja.

Pesa ile bado inaniuma, ndiyo maana naandika haya kwa kirefu. Kubadilisha beringi, mtu mwenye spana na subira anamaliza nyumbani. Kazi iko kwenye kujua ni beringi ipi.

Kwa nini puli hulia hata AC ikiwa imezimwa

Watu wengi huniambia, "Haiwezi kuwa AC, mimi siiwashi kabisa." Inaweza. Mkanda huizungusha puli ya kompresa muda wote injini inapowaka. Mbele ya puli hiyo kuna sahani ya klachi, na nyuma yake kuna koili ya umeme. Ukibonyeza swichi ya AC, koili inakuwa sumaku, inaivuta sahani mpaka ishikane na puli, na hapo ndipo kompresa yenyewe inapoanza kuzunguka. Ule mgongano mdogo unaousikia, "ta!", ndio huo. Ukizima, sahani inaachia na kompresa inasimama, lakini puli inaendelea kuzunguka juu ya beringi yake. Kwa hiyo beringi hiyo inachakaa kila kilomita unayoendesha, uwe unapenda baridi au hupendi. Puli ya kukazia mkanda nayo ni hivyohivyo, tena kwa kuwa ni ndogo huzunguka mara nyingi zaidi.

Huku kwetu muuaji wa kwanza ni vumbi la maramu. Wa pili ni presha ya maji pale tunapooshea magari: kijana anafungua boneti, anaelekeza maji moja kwa moja kwenye mikanda, maji yanapenya kwenye mpira wa beringi na grisi inaharibika. Mwambie aiache injini, au aifute kwa kitambaa. Wa tatu ni mkanda uliokazwa kupita kiasi.

Kabla hujagusa kitu

Kwa kazi ya spana, zima injini, ufunguo uweke mfukoni, subiri ipoe, kisha chomoa waya hasi wa betri. Kwenye magari mengine feni ya rejeta huwaka yenyewe hata baada ya kuzima, na haina huruma na vidole. Unapolazimika kusikiliza injini ikiwaka, mikono ya kanzu, leso, cheni na kamba ya kitambulisho shingoni vikae mbali na mikanda. Fanyia kazi nje, si ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu ya moshi.

Na kuna jambo moja silegezi hata kidogo: usifungue nati wala bolti inayoshika bomba la AC. Ndani mna gesi yenye presha. Ile ya R134a, inayotumika kwenye magari mengi, inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia jichoni au mkononi inagandisha nyama papo hapo. Hakuna hatua hapa inayohitaji bomba lifunguliwe.

Sikiliza: nani analia?

Kila ubovu una sauti yake. Mkanda unaoteleza hupiga kelele kali na nyembamba, hasa unapowasha gari asubuhi au unapobonyeza AC, kisha hunyamaza. Puli zisizokaa kwenye mstari mmoja hutoa mlio wa kukatakata, chii-chii-chii, kama kifaranga kilichopotewa na mama. Beringi mbovu hunguruma na kusaga, na sauti inapanda kila unapokanyaga mafuta.

Anza na maji. Injini ikiwaka bila kukanyagwa, nyunyizia maji kidogo kwa chupa kwenye upande wa mkanda wenye mifereji, ukiwa umesimama pembeni. Mlio wa kifaranga ukinyamaza kwa muda halafu ukarudi, mkanda umechakaa au puli zimepinda. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Sauti isipobadilika hata kidogo, mtuhumiwa wako ni beringi. Tafadhali usifanye jaribio hili kwa sabuni ya mche, kama wengi wanavyofanya barabarani. Sabuni inanyamazisha mkanda kwa siku mbili, kisha inakusanya vumbi na kuula.

Halafu swichi ya AC. Washa, zima, washa, zima, mwenzako akiwa ndani ya gari na wewe sikio kwenye boneti. Sauti ikiwepo AC imezimwa, ikabadilika au kupungua unapoiwasha, hiyo inaelekea kuwa beringi ya puli ya kompresa, kwa sababu sahani ikishikana na puli, beringi ile inaendelea kuzunguka lakini mzigo ulio juu yake unabadilika. Sauti ikitokea tu pale AC inapowashwa, ukaizima ikapotea kabisa, ubovu uko ndani ya kompresa au kwenye klachi, na mwongozo huu hautoshi. Sauti isiyojali swichi kabisa inaelekea kutoka kwingine: puli ya kukazia, alteneta au pampu ya maji.

Sasa chukua bisibisi ndefu. Weka ncha yake kwenye kitu kisichozunguka, yaani kichwa cha bolti ya katikati ya puli ya kukazia, mwili wa alteneta, au mwili wa kompresa karibu na puli, kisha weka mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Usiguse puli yenyewe wala mkanda. Beringi nzima inasikika kama upepo mwembamba. Mbovu utaisikia ikisaga changarawe, na sauti itakuwa kubwa zaidi pale ilipo kuliko kwa majirani zake.

Kama bado huna uhakika, vua mkanda. Kwanza piga picha kwa simu namna ulivyopita, kila puli. Kwenye Kikumi na magari mengine ya zamani AC ina mkanda wake peke yake, basi ukishauvua unaweza kuwasha injini bila wasiwasi. Kwenye magari mengi ya baadaye mkanda mmoja mrefu unazungusha kila kitu, pamoja na pampu ya maji. Hapo washa kwa sekunde 30 tu, taa ya betri itawaka, usiijali, kisha zima. Kelele ikitoweka, mbaya wako ni mmoja wa wale waliokuwa wakivutwa na mkanda huo.

Na sasa tumia mkono, kwa maana mkono haudanganyi. Injini ikiwa imezimwa na mkanda umetoka, zungusha kila puli polepole kwa vidole viwili. Beringi nzima inazunguka kimya na nzito kidogo, kama inapita kwenye asali. Hiyo ni grisi. Yangu ilikuwa na mikwaruzo: unaizungusha inasimama kidogo, inaruka, inasimama tena, na kwenye ncha za vidole unahisi mchanga uleule unaouhisi menoni ukila dodo lisilooshwa. Beringi inayozunguka mizunguko mingi kwa msukumo mmoja, ikitoa sauti kavu, nayo imekwisha, kwa kuwa grisi imekauka. Mwisho shika ukingo wa puli uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, toa.

Njia rahisi: puli ya kukazia

Hapa ndipo kwenye kelele nyingi, na hapa ndipo ningekushauri uanzie hata kama hujawahi kushika spana. Kwenye gari langu nati ya katikati ya puli ni ya spana 14, na bolti ndefu ya kukazia ni ya 12. Legeza nati ya katikati nusu mzunguko tu, usiitoe. Kisha fungua bolti ya kukazia mpaka mkanda ulegee na kutoka. Baada ya hapo maliza kutoa nati, na puli inatoka mkononi pamoja na kifuniko cha vumbi na washa zake, yaani zile ringi bapa za chuma. Zipange juu ya kitambaa kwa mpangilio zilivyotoka, upande wa nje ukitazama juu. Washa moja ikigeuzwa, puli inakaa nje ya mstari na unapata mlio mpya ambao hukuwa nao.

Kama gari lako lina mkanda mmoja mrefu na puli inayojikaza kwa springi, utaifungua kwa kusukuma mkono wa springi kwa spana ndefu huku ukichomoa mkanda. Ishike kwa nguvu na uirudishe taratibu; ikikuponyoka inarudi kwa kishindo.

Itazame puli. Kama ni ya plastiki na beringi imemwagiwa humohumo, usihangaike, nunua puli nzima. Kama ni ya chuma, beringi kwa kawaida hutoka. Angalia kama kuna sakilipu, ile ringi ya chuma yenye mwanya, inayoishikilia, itoe kwa koleo yake. Kisha laza puli juu ya kipande cha bomba la chuma ambacho beringi inaweza kupita katikati yake, weka soketi inayolingana na beringi kwa juu, piga kwa nyundo taratibu ukizunguka. Wakati wa kutoa ya zamani, pigo lianguke popote. Inakufa hata hivyo.

Kununua

Nilipofika Kisekka, soko la vipuri la Kampala, muuzaji hakuniuliza ni gari gani. "Mzee, leta ile ya zamani," akasema, akaifuta kwa kidole gumba, akasoma namba kwenye ukingo: 6203. Hiyo ndiyo njia. Beringi huuzwa kwa namba yake, si kwa jina la gari. 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40 na unene 12, na ni moja ya zinazotumika sana kwenye puli ndogo za magari. Yako inaweza kuwa nyingine, kwa hiyo nenda nayo mkononi. Namba ikiwa imefutika, pima vitu hivyo vitatu.

Mwisho wa namba una herufi, nazo zina maana. 2RS ni mpira pande zote mbili. ZZ ni vifuniko vya bati. Kwa vumbi letu chukua yenye mpira, hata kama ya bati imeshushwa bei. Watengenezaji wengine huandika mpira kwa herufi zao: NSK huandika DDU, NTN huandika LLU. C3 maana yake nafasi ya ndani ni kubwa kidogo kwa ajili ya joto, na kwenye injini inafaa.

Feki zipo nyingi. Izungushe kidukani, sikio karibu. Tazama maandishi: ya kweli ni masafi na yamekaa sawa, ya uongo yamepinda au yanafutika kwa ukucha. Boksi zuri si ushahidi, maana boksi huigwa kirahisi kuliko chuma.

Kuingiza beringi mpya

Hapa watu wengi huua beringi mpya siku ileile. Unapoiingiza ndani ya puli, nguvu zote zipite kwenye ringi ya nje. Ukipiga ringi ya ndani, pigo linapita kwenye gololi, zinachora vishimo visivyoonekana, na baada ya wiki chache unasikia mngurumo tena na kumlaumu muuzaji. Tumia beringi ya zamani kama kibao: iweke juu ya mpya na upige hiyo, kwa kuwa ringi zao zinalingana. Hakikisha tu haizami pamoja na mpya.

Kuna ujanja unaopunguza nyundo. Beringi ifunge kwenye mfuko wa plastiki uilaze kwenye friza usiku kucha. Asubuhi chovya puli ya chuma kwenye maji ya moto dakika kumi, ifute ikauke. Chuma cha moto kimetanuka, cha baridi kimesinyaa; ukifanya haraka beringi inateleza ndani karibu peke yake. Ikienda upande, simama, itoe, anza upya. Usiilazimishe. Kama una jiliwa kubwa, ibane polepole badala ya kupiga. Kama huna chochote, beba puli na beringi kwa mafundi wa chuma wenye presi. Kazi ni ya dakika mbili, na wewe umeshafanya ile ngumu.

Puli ya kompresa yenyewe

Hii inataka siku nzima na mwili mwepesi. Kwenye Toyota nyingi zenye injini iliyolala upande, mikanda iko kulia, upande wa dereva wetu. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, si matofali, toa gurudumu la mbele la kulia na plastiki ya kuzuia matope. Nafasi ikiwa finyu, fungua bolti zinazoshika kompresa kwenye injini uigeuze kidogo, mabomba yakiwa yamefungwa vilevile, na uifunge kwa waya isining'inie kwenye mabomba.

Toa bolti ya katikati ya sahani ya klachi, huku sahani imeshikwa isizunguke. Sahani ichomoe kwa pula, yaani kifaa cha kuvutia, au kwa bolti inayoingia kwenye nyuzi zake kama inazo. Usiichokoe kwa bisibisi, itapinda. Sasa fanya taratibu sana: ndani mna washa nyembamba kama ukucha, moja au zaidi, mara nyingi zimenata kwenye grisi nyuma ya sahani. Hizo ndizo zinazopanga nafasi kati ya sahani na puli. Ukipoteza moja, klachi haitashika vizuri au haitaachia. Ziweke kwenye kifuniko cha chupa.

Ondoa sakilipu inayoshika puli, kumbuka upande uliotazama nje, kisha vuta puli. Ikigoma, igongegonge kwa nyundo ya mpira ukizunguka. Nyuma yake utaiona koili. Usiiguse kwa chuma. Ikiwa imebadilika rangi kuwa ya kuungua, hapo tatizo si beringi tu. Tazama pia pua ya kompresa: mafuta meusi yaliyoshikana na vumbi ni dalili kwamba sili ya mhimili inavuja, na hilo ni la fundi wa AC.

Beringi ya humu ni pana kuliko ya puli ndogo, na mara nyingi ukingo wa puli umegongwa nukta kadhaa ili isichomoke. Nukta hizo zisawazishe kwa tindo kali kabla ya kutoa, na ukishaweka mpya zigonge tena mahali pengine kwenye ukingo. Kuruka hatua hii ni kuacha beringi itembee na puli ikale koili.

Ukirudisha, pima nafasi kati ya sahani na puli. Kompresa nyingi zinataka kati ya milimita 0.3 na 0.6. Kama huna fila geji, vile visahani vya kupimia nafasi, karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa takriban 0.1, basi panga karatasi nne pamoja bila kuzikunja: ziingie kwa kukwaruza kidogo, pande zote za mzunguko. Nafasi ikizidi, punguza washa, ikibana, ongeza.

Kurudisha mkanda

Tazama mkanda kwa ndani. Ukiwa na nyufa nyingi au mifereji iliyomeguka, badilisha sasa hivi, maana umeshafika. Uvishe kwa kufuata ile picha ya simu, hakikisha kila mfereji umekaa mahali pake, wala usiwe umeruka mmoja kando. Weka rula ndefu kwenye nyuso za puli uone kama ziko mstari mmoja.

Kaza bolti ya kukazia mpaka, ukibonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu zaidi ya mkanda, ushuke kama milimita 10. Ukiushika na kuupindua, ugeuke robo mzunguko, si zaidi. Hapo kaza nati ya katikati. Najua hamu ya kuongeza kidogo ili usiteleze. Kidogo hicho ndicho kinachoirudisha beringi Kisekka.

Rudisha waya wa betri, ondoa spana zote kwenye injini, uzihesabu, kisha washa. AC imezimwa, dakika mbili. AC imewashwa, dakika mbili. Kanyaga mafuta polepole.

Na kama yote haya yamekukuta njiani, usiku, puli ikiwa inapiga kelele kama inataka kukwama? Kwenye gari lenye mkanda wa AC wa peke yake, ukate au uuvue, uendelee na safari bila baridi. Kwenye gari lenye mkanda mmoja usifanye hivyo: bila pampu ya maji injini inachemka ndani ya dakika chache. Simama mahali pa usalama na uitafute puli nyingine. Kuingiza grisi kwa sindano chini ya mpira wa beringi kunaweza kukufikisha mji unaofuata, lakini ukifika, badilisha.

Baada ya safari ya kwanza, kama ya nusu saa, zima injini, toa ufunguo, na usogeze mkono karibu na puli uliyofanyia kazi bila kuigusa kwanza. Ikiwa ya vuguvugu, iguse. Ikiwa ya moto kiasi kwamba kidole hakikai, mkanda umekaza mno: legeza bolti ya kukazia robo mzunguko, ujaribu tena. Mkanda mpya hutanuka, kwa hiyo baada ya kilomita mia mbili hivi fungua boneti tena, bonyeza kwa kidole gumba, na ukaze kidogo kama umeshuka zaidi ya zile milimita 10.